Tolstoy na Kijiti cha Kijani: Maisha ya Mtunzi wa Vitabu vya Kuwafunza Watoto Wema

1.0 Utangulizi

Jina la Lev Nikolayevich Tolstoy huambatanishwa kwa kawaida na riwaya mbili kubwa, Vita na Amani (1865-1869) na Anna Karenina (1875-1877), na wahakiki wengi wameishia hapo. Vitabu alivyowatungia watoto wanaoanza kusoma hutajwa kwa sentensi moja au mbili, kana kwamba vilikuwa burudani ya kupumzikia baina ya kazi moja nzito na nyingine. Mtazamo huo una kasoro. Tolstoy aliingia katika elimu ya watoto kabla hajaandika riwaya hizo, akairudia baada ya ile ya kwanza, na alikuwa bado anafundisha watoto wa kijiji alipokaribia umri wa miaka themanini. Zaidi ya hayo, alipofika uzeeni na kuzipima kazi zake zote kwa mizani yake mwenyewe, hakuziokoa riwaya. Aliokoa hadithi mbili fupi, na zote mbili zilikuwa zimo katika vitabu vyake vya kusomea watoto.

Maisha yake yanazua suala ambalo fasihi ya watoto ya kila lugha hulazimika kulikabili: je, inawezekana kumfunza mtoto mdogo kuwasaidia wengine kwa njia ya kitabu bila ya kitabu hicho kugeuka kuwa hotuba? Suala la pili limefungamana na hilo: mtunzi anayefunza wema huwajibika vipi mbele ya wema huo katika maisha yake mwenyewe? Maelezo yanayofuata yanayafuatilia maisha ya Tolstoy kwa kuyazingatia masuala hayo mawili.

2.0 Utoto na Mchezo wa Ndugu Sisimizi

Tolstoy alizaliwa tarehe 9 Septemba 1828 (28 Agosti kwa kalenda ya zamani ya Urusi) katika shamba la ukoo lililoitwa Yasnaya Polyana, jimboni Tula, kusini ya Moscow. Alikuwa mtoto wa nne kati ya watano katika familia ya makabaila waliomiliki ardhi pamoja na watwana walioilima. Mama yake, Maria, alifariki mwaka 1830, kabla mtoto huyo hajatimiza miaka miwili. Baba yake akafariki mwaka 1837. Yatima hao walilelewa na jamaa za kikeni, na miongoni mwao Tatyana Yergolskaya, jamaa wa mbali wa ukoo, ndiye aliyeacha alama kubwa zaidi moyoni mwa Tolstoy. Katika kumbukumbu zake za baadaye, Tolstoy alimtaja mama huyo kuwa mtu aliyemfunza upendo kwa mwenendo wake, pasipo kumhutubia.

Mwalimu wa pili wa utoto wake alikuwa kaka yake mkubwa, Nikolai. Siku moja Nikolai aliwatangazia wadogo zake kwamba anayo siri ambayo, itakapofichuliwa, itawaondolea watu wote maradhi, ugomvi na hasira, na kuwafanya wapendane na kusaidiana kama sisimizi wa kichuguu kimoja. Siri hiyo, alidai, imeandikwa juu ya kijiti cha kijani kilichozikwa kando ya korongo katika msitu wa hapo nyumbani. Watoto hao walianzisha mchezo wa kukaa wakikumbatiana chini ya viti vilivyofunikwa kwa shali, wakijiita ndugu sisimizi. Inaelekea kwamba Nikolai alikuwa amesikia habari za Ndugu wa Moravia, jumuiya ya Kikristo, naye akalichanganya jina lao na neno la Kirusi lenye maana ya sisimizi, kwa kuwa maneno hayo yanakaribiana kwa sauti. Kosa hilo la kitoto lilimwachia Tolstoy taswira aliyoishi nayo hadi kufa: kusaidiana ni siri iliyozikwa mahali karibu, na mtoto anaweza kuitafuta.

3.0 Shule ya Yasnaya Polyana

Tolstoy aliingia Chuo Kikuu cha Kazan mwaka 1844 na kukiacha mwaka 1847 bila ya shahada. Baada ya jaribio la kwanza na la muda mfupi la kuwafundisha watoto wa watwana wake mwaka 1849, alifuatana na Nikolai kwenda Kaukazi mwaka 1851 na kuingia jeshini. Huko ndiko alikoandika Utoto, kazi iliyochapishwa mwaka 1852 na kumpatia sifa ya uandishi. Alipigana pia katika kuuhami mji wa Sevastopol wakati wa Vita vya Crimea.

Mwaka 1859 alifungua shule nyumbani kwake kwa ajili ya watoto wa wakulima. Ili kuchunguza namna mataifa mengine yanavyofundisha, alisafiri mwaka 1860 na 1861 katika Ujerumani, Ufaransa, Uingereza na Ubelgiji akizikagua shule. Katika safari hiyo Nikolai alifariki kwa kifua kikuu katika mji wa Hyères, kusini ya Ufaransa. Yale aliyoyaona katika shule nyingi, yaani kukariri, viboko na hofu, yalimthibitishia kwamba elimu ya kulazimishwa hudhuru tabia ile ile inayodaiwa kuijenga.

Shule ya Yasnaya Polyana iliendeshwa kwa msingi ulio kinyume. Mahudhurio hayakuwa ya lazima, ada haikutozwa, kazi ya kufanyia nyumbani haikutolewa, na adhabu ilikuwa jambo la kuepukwa. Wanafunzi walioandikishwa walikuwa kama arobaini. Walikaa popote walipotaka, na somo liliweza kurefushwa pale walipopendezwa nalo. Msingi huu ulitokana na itikadi kwamba mtoto huja duniani akiwa na uwiano wa ndani ambao watu wazima, kwa haraka yao ya kumrekebisha, huuvuruga.

Tukio lililoathiri zaidi mawazo yake juu ya utungaji lilitokea wakati wa somo la insha. Tolstoy aliwapendekezea wanafunzi waandike kisa kwa msingi wa methali ya Kirusi inayomsema mtu anayelisha kwa kijiko huku akimchoma mlishwaji jicho kwa mpini wa kijiko hicho hicho. Dhana hiyo haihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa Kiswahili, kwani lugha hii inalo neno moja linaloibeba yote: masimango. Tolstoy alianza mwenyewe kuandika habari za mkulima aliyemkaribisha mzee ombaomba na baadaye kuanza kumsimanga. Wanafunzi walizunguka meza, wakasoma, wakaanza kumkosoa. Wawili kati yao, Semka na Fedka, waliichukua hadithi na kuiendeleza wakiwa pamoja na mwalimu wao. Fedka alisisitiza mambo ambayo mwalimu aliyaona madogo, kwa mfano kwamba mhusika mmoja aingie nyumbani akiwa amevaa koti la manyoya la kike. Tolstoy alitambua kuwa jambo hilo moja liliumba picha kamili ya kaya ya kimaskini ambamo mtu hutwaa vazi lolote lililo karibu, na kwamba mtoto wa mkulima alikuwa na kipimo cha kisanaa ambacho yeye, mwandishi mashuhuri, hakukifikia kwa urahisi.

Muswada wa kisa hicho ulipotea baadaye: watoto wengine waliutumia kutengenezea vitu vya kuchezea vya karatasi. Fedka na Semka walipoona huzuni ya mwalimu wao, walijitolea kuja nyumbani kwake usiku na kukiandika upya. Hivyo basi, kisa kilichohusu msaada wenye masimango kiliokolewa na msaada usio na masimango. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1862 katika jarida lake la elimu, lililoitwa pia Yasnaya Polyana, Tolstoy aliuliza ni nani anayepaswa kujifunza kuandika kutoka kwa mwenzake, watoto wa wakulima kutoka kwa wasomi au wasomi kutoka kwa watoto wa wakulima. Naye alielekea upande wa watoto.

Shule hiyo haikudumu. Julai 1862, Tolstoy akiwa safarini kwa matibabu, askari wa usalama wa serikali waliipekua nyumba na shule kwa siku mbili wakitafuta ushahidi wa uchochezi, wasipate chochote. Septemba mwaka huo alimwoa Sofia Andreyevna Behrs, msichana wa miaka kumi na minane, na kazi ya Vita na Amani ikachukua nafasi ya kazi ya shule.

4.0 Azbuka

Vita na Amani ilipokamilika, Tolstoy alirudi kwa watoto. Kati ya mwaka 1871 na 1872 alitunga Azbuka, yaani kitabu cha alfabeti, kikiwa na sehemu nne zilizojumuisha herufi, masomo ya kusoma, hesabu, maelezo ya sayansi na mwongozo kwa walimu. Maandalizi yake yalikuwa ya kina. Alijifunza Kiyunani katika majira ya baridi ya 1870 na 1871, na hatimaye akaweza kuzitafsiri ngano za Aesop kutoka katika lugha yake ya asili. Alikesha akizitazama nyota ili aeleze kwa usahihi mambo ya anga. Alikusanya ngano za Kirusi, za Kihindi, za Kiarabu na za Ulaya, akazisimulia upya. Mapema mwaka 1872 shule ilifunguliwa tena nyumbani kwake, na mkewe na watoto wake wakubwa walisaidia kufundisha.

Azbuka ilipotoka mwaka 1872 haikupokewa vizuri. Walimu waliozoea mbinu za kisasa zilizotoka Ujerumani waliipinga, nayo ikauzwa kwa shida. Mwaka 1874 mbinu yake ya kufundisha kusoma ilishindanishwa hadharani na mbinu ya wapinzani wake mjini Moscow, na jaribio hilo halikumpa ushindi alioutarajia. Mtunzi hakuiacha kazi. Mwaka 1875 alitoa Azbuka Mpya, iliyofupishwa na kuuzwa kwa bei ndogo, pamoja na Vitabu Vinne vya Kirusi vya Kusomea. Toleo hili lilikubaliwa katika shule, likachapishwa tena zaidi ya mara ishirini wakati wa uhai wake. Kwa vizazi kadhaa vya watoto wa Kirusi, Tolstoy wa kwanza kumjua alikuwa mtunzi wa hadithi za mistari mitano au sita.

5.0 Fani na Mafunzo katika Hadithi za Watoto

Kifani, hadithi hizo zina sifa tatu zinazojitokeza wazi. Kwanza, sentensi ni fupi na kitenzi hubeba uzito kuliko kivumishi. Pili, kila hadithi hujengwa juu ya tukio moja. Tatu, katika nyingi ya ngano alizozichukua kwa Aesop, Tolstoy aliondoa funzo linalofungwa mkiani. Uamuzi huu wa tatu ndio wenye maana kubwa zaidi kwa mada hii, kwa sababu unamwachia mtoto kazi ya kuamua.

Mfano mmoja ni kisa cha sisimizi na njiwa. Sisimizi anakaribia kuzama mtoni. Njiwa anamdondoshea kijiti, naye anajiokoa. Baadaye mwindaji anatega wavu ili amnase njiwa; sisimizi anamuuma mguu, mwindaji anashtuka, njiwa anaruka. Hakuna mhusika anayehutubu wala msimulizi anayepongeza. Kisa cha simba na panya, ambacho msomaji wa ngano za Kiafrika atakiona jamaa ya visa vingi vya mnyonge kumwokoa mwenye nguvu, kimesimuliwa kwa namna hiyo hiyo. Katika kisa cha babu mzee na mjukuu, kinachotokana na masimulizi ya ndugu Grimm, mtu na mkewe wanamtenga mzee wao na kumlisha kwenye chombo cha mbao kwa sababu anavunja vyombo. Siku moja wanamwona mtoto wao, Misha, akichonga mbao chini. Anapoulizwa, anaeleza kuwa anawatengenezea wazazi wake chombo cha kulia watakapozeeka. Mtoto hakukusudia kuwashutumu. Alijifunza tu alichokiona. Funzo la hadithi linamwendea mtu mzima, na mtoto anayesoma anapewa heshima ya kuwa shahidi.

Kazi ndefu zaidi ya kundi hili, Mfungwa wa Kaukazi (1872), inaitanua dhamira hiyo nje ya mipaka ya taifa na dini. Zhilin, afisa wa Kirusi, anatekwa na wanakijiji wa Kitatari ambao ni Waislamu, wakati wa vita. Dina, msichana wa takriban miaka kumi na mitatu, binti wa mtu anayemshikilia mateka huyo, anapewa mwanasesere wa udongo aliofinyangwa na Zhilin; naye anaanza kumletea maziwa na chakula kwa siri. Zhilin anapotupwa shimoni, Dina anamletea mti mrefu wa kupandia. Mtoto huyu hasaidii kwa kuwa amefunzwa kanuni. Anasaidia kwa kuwa mtu aliye mbele yake amekwisha kuwa mtu machoni pake. Tukikumbuka kwamba Tolstoy mwenyewe alikuwa askari katika vita vya Kaukazi, uamuzi wa kumpa msichana wa upande wa adui nafasi ya mwokozi ni msimamo wa kisiasa pia, ingawa haukutangazwa kama msimamo.

6.0 Wema Nje ya Kitabu

Mwishoni mwa miaka ya 1870 Tolstoy alipatwa na msukosuko wa kiimani uliobadilisha maisha yake. Matunda ya kwanza ya kifasihi ya mabadiliko hayo yalikuwa hadithi Kitu Kiwawezeshacho Watu Kuishi, iliyochapishwa mwaka 1881 katika jarida la watoto. Fundi viatu maskini anamkuta mtu aliye uchi kando ya njia wakati wa baridi, anampita, kisha dhamiri inamrudisha. Mwaka 1884, pamoja na mfuasi wake Vladimir Chertkov, Tolstoy alishiriki kuanzisha shirika la uchapishaji lililoitwa Posrednik, lililotoa vijitabu vya bei ya chini kabisa kwa ajili ya wakulima na watoto wao. Baadhi ya hadithi za kipindi hiki zinaonyesha udhaifu ambao hadithi za Azbuka ziliuepuka: aya za maandiko zinatangulizwa, na funzo linatamkwa. Mtunzi aliyekuwa amejifunza kutoka kwa Fedka alianza kuusahau ushauri wa Fedka.

Matendo, hata hivyo, yaliambatana na maneno. Njaa ilipoyakumba majimbo ya katikati ya Urusi mwaka 1891, Tolstoy alikwenda jimboni Ryazan pamoja na binti zake Tatyana na Maria, akaanzisha majiko ya kuwalisha wenye njaa. Kufikia Aprili 1892 majiko hayo yalizidi 180 na kulisha maelfu ya watu kila siku, na majiko ya pekee yalianzishwa kwa ajili ya watoto wadogo. Sofia Andreyevna, aliyebaki Moscow na watoto wengine, aliandika barua gazetini kuomba michango, na michango hiyo ndiyo iliyoyawezesha majiko hayo kupanuka.

7.0 Nyumbani

Hapa ndipo suala la pili linapokuwa zito. Sofia Andreyevna alizaa watoto kumi na watatu, na wanane walifikia utu uzima. Alinakili miswada ya mumewe mara nyingi, akaendesha shamba na kusimamia uchapishaji wa vitabu vyake. Mwaka 1891 Tolstoy alitangaza kuiacha hakimiliki ya kazi alizozichapisha tangu mwaka 1881, na mwaka uliofuata akaigawa mali yake kwa mkewe na watoto. Kwa mtazamo wake, hiyo ilikuwa njia ya kurudisha kwa watu kilicho chao. Kwa mtazamo wa mkewe, mzigo wa kulea na kulisha familia ulibaki mabegani mwake huku sifa ya ukarimu ikienda kwa mwingine. Mwaka 1895 kifo cha mtoto wao wa mwisho, Ivan, ambaye hakuwa ametimiza miaka saba na ambaye wazazi wote wawili walimwona kuwa mwenye huruma kupita kiasi cha umri wake, kiliondoa kiungo muhimu baina yao.

Haitoshi kuueleza mgogoro huo kwa kumlaumu mmoja. Lililo muhimu kwa mhakiki ni kwamba Tolstoy aliyeyachambua masimango kwa ustadi mwaka 1862 alishindwa, kwa miaka mingi, kuwasaidia walio karibu naye bila ya kuwasuta kwa namna walivyoishi. Na kwamba mkewe, aliyesaidia kwa mikono yake kazi zote hizo, alihesabiwa na wafuasi wengi wa mumewe kuwa kikwazo. Sofia Andreyevna naye alichapisha kitabu cha hadithi za watoto mwaka 1910, jambo ambalo husahauliwa mara kwa mara.

Katika kitabu chake Sanaa ni Nini?, kilichotoka mwaka 1897 na 1898, Tolstoy aliziweka kazi zake za kubuni katika fungu la sanaa mbovu, akibakiza hadithi mbili tu: Mungu Huuona Ukweli na Mfungwa wa Kaukazi. Hukumu hiyo imepingwa na wahakiki wengi, na kwa haki. Lakini ikitazamwa kwa upande wa fasihi ya watoto, haikuwa ya ajabu. Alichokuwa akikitetea ni ile sanaa ambayo mtoto wa mkulima angeweza kuipokea na kuambukizwa hisia zake bila ya mkalimani.

Mwaka 1907 alianza tena kuwafundisha watoto wa kijiji nyakati za jioni, na mwaka 1908 akachapisha mafundisho ya Kristo yaliyosimuliwa kwa watoto. Usiku wa tarehe 10 Novemba 1910 aliondoka nyumbani kwa siri, akiwa na umri wa miaka 82. Aliugua njiani, akafariki tarehe 20 Novemba katika nyumba ya mkuu wa stesheni ya reli ya Astapovo. Kwa kadiri alivyousia, alizikwa katika msitu wa Yasnaya Polyana, kando ya korongo ambako Nikolai alidai kwamba kijiti cha kijani kimezikwa. Kaburi lake halina msalaba wala jiwe la jina.

8.0 Hitimisho

Maisha ya Tolstoy yanadhihirisha kwamba kitabu cha kumfunza mtoto kuwasaidia wengine hufaulu pale kinapomwamini mtoto huyo. Visa vya sisimizi na njiwa, vya Misha na vya Dina vimedumu kwa sababu tendo la msaada limeachwa lijieleze lenyewe. Hadithi za baadaye zilizofunga kwa mahubiri zimepungukiwa na nguvu kwa kadiri ya mahubiri hayo. Ama kuhusu mtunzi mwenyewe, maisha yake hayaonyeshi ulinganifu kamili baina ya kauli na tendo, na hakuna haja ya kuulazimisha. Hadithi ya masimango aliyoiandika pamoja na watoto wawili ilibaki kuwa kipimo kilicho kigumu kuliko uwezo wa mwalimu wao, na huenda thamani ya vitabu hivyo imo katika jambo hilo: vinamfunza mtoto, na papo hapo vinamhukumu mtu mzima aliyeviandika pamoja na yule anayevisoma kwa sauti.